Bi Penseli, Picha Namba 212, na Mimi Niliyemshuku

Ijumaa tarehe 29 mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, Bi Penseli atafunga mlango wa stoo ya makumbusho yetu ya sanaa, atausukuma kwa bega kuhakikisha umefungika, atapiga hatua tatu, kisha atarudi kuusukuma tena. Hapo atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita ya utumishi. Mimi nitakuwa nimesimama kando yake na funguo mkononi, na nawahakikishia ataniangalia kwa lile jicho lake la kuuliza kama funguo zote kweli zipo.

Mkurugenzi amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, alivyosema, hakuna aliyefanya kazi na Bi Penseli kwa karibu kuliko mimi. Ni kweli. Mimi ni fundi wa maonyesho: natundika picha, nashusha picha, napanga vyungu kwenye makabati ya vioo. Kwa miaka kumi na tisa yeye ametoa vitu stoo na mimi nimevipeleka mahali pake. Lakini kuna jambo ni heri niliseme mapema, kabla hamjakata keki. Miaka hiyo yote kumi na tisa nilikuwa namshuku huyu mama. Tena si shaka ya kupita njia. Nilikuwa na daftari.

Basi tuanze mwanzo, kama inavyotakiwa.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na minne, kufagia vyumba vya maonyesho. Mwezi wa tatu alimwendea mtunza stoo wa wakati ule akamwambia kwamba kile kigoda cha miguu mitatu kilichoko Chumba cha Kwanza kina tundu jipya. Mtunza stoo akacheka. Kigoda chenyewe kilikuwa na matundu kibao, habari ya tundu jipya kaitoa wapi? Binti akajibu kwamba wiki iliyopita yalikuwa arobaini na moja, leo ni arobaini na mawili. Alikuwa ameyahesabu. Walipokigeuza wakakuta unga mbichi wa mti chini yake. Wadudu walikuwa kazini, na kwenye rafu hiyohiyo kulikuwa na vinyago tisa. Wiki iliyofuata ufagio ukapewa mtu mwingine.

Akapelekwa kozi ya ukarabati ya miezi tisa, akarudi anajua kuunga fremu, kuziba kanvasi iliyochanika, na kubandika chungu kilichovunjika hadi usione pa kuunganisha. Baada ya miaka kumi na mmoja akakabidhiwa stoo yenyewe. Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichoingia wala kutoka bila yeye kukigeuza na kukitazama chini kwanza.

Wageni wetu huona vyumba vinne na ua. Chumba cha Kwanza kina vinyago na vigoda, cha Pili picha za rangi, cha Tatu vyungu, cha Nne nguo na vikapu. Kwenye korido ziko picha za zamani za studio, watu wamesimama wima kando ya ua la plastiki, pamoja na mabango ya vinyozi yaliyochorwa kwa mkono. Uani kuna yale masanamu ya vyuma chakavu ambayo wanafunzi huyapanda tukigeuka tu. Jumla ni vitu elfu tatu mia mbili na sita. Mimi navijua kwa mahali vilipo. Yeye anavijua kwa maradhi yao. Mtajie namba 1140, atakwambia hicho kina ufa shingoni, usikishike masikio.

Jina la Bi Penseli nalo lina historia yake. Kalamu ya wino hairuhusiwi stoo, maana wino ukidondoka kwenye nguo ya miaka themanini hautoki. Sheria hiyo iko makumbusho yote. Yeye aliifanya dini. Penseli yake hukaa ndani ya kilemba, juu ya sikio la kulia, na mtu yeyote anayeingia stoo hukaguliwa mifuko. Mwaka mmoja alikuja mgeni rasmi, mkubwa kwelikweli, mwenye kalamu ya dhahabu kifuani. Bi Penseli akamnyooshea kiganja, na mkubwa akaitoa kalamu kama mtoto aliyekamatwa na pipi darasani. Ukifungua kitabu cha wageni cha mwaka ule utaikuta sahihi yake kwa penseli.

Halafu kuna kisa cha friza. Stoo yetu ina friza kubwa, si la vyakula. Nguo na vikapu vipya hulazwa humo wiki mbili ili wadudu wafe kwa baridi. Dereva wetu, ambaye mzaha kwake ni kazi ya pili, aliweka humo kilo mbili za nyama siku ya Ijumaa. Jumatatu aliikuta imezungushiwa karatasi nyeupe, imefungwa kwa utepe wa pamba, ina kadi: "Nyama ya ng'ombe. Msanii hajulikani. Imepokelewa bila hati. Hali: mbichi." Kuitoa ikabidi asaini mbele ya mashahidi wawili. Rejista yetu mpaka leo inaonyesha kitu kimoja kilichorudishwa kwa mwenyewe kwa sababu hakikufaa kuonyeshwa.

Ila kazi yake kubwa kuliko zote ni karatasi za mgongoni. Ni utaratibu alioubuni yeye. Nyuma ya kila picha kuna karatasi iliyobandikwa kwenye fremu, na kila picha ikishushwa unaandika hapo tarehe, sababu, aliyeshusha, aliyetundika, na aliyekagua. Wataalamu waliokuja kututembelea wameusifu utaratibu huo, na najua makumbusho mawili yaliyouiga. "Mbele ni kwa ajili ya wageni," huwa anatuambia, "nyuma ni kwetu." Nawaomba mkumbuke hizo karatasi, maana nitazirudia.

Sasa mashaka yangu.

Niliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita, na haukupita mwezi nikagundua nafuatwa. Nikitundika picha, nikikusanya nyundo na pima maji yangu nikahamia chumba kingine, baada ya robo saa Bi Penseli anaingia palepale nilipotoka. Hakuja kutazama picha. Alikuwa anachungulia nyuma yake. Anaweka kidole kimoja kwenye kona ya chini, anasukuma kidogo, anasikiliza, anaondoka. Nilikuwa namwona kwenye kioo cha mlango. Machale yakanicheza. Mtu anayetaka kujua ni picha ipi inang'oka kwa urahisi angefanya nini tofauti na hivyo?

Nikanunua daftari. Neno la kwanza ndani yake ni hili: "Amesukuma picha 88. Kwa nini?"

Msidhani tulikuwa maadui. Tulikunywa chai meza moja. Alimletea mke wangu kitambaa cha kubebea mtoto alipojifungua, na mimi nilimbebea jeneza mumewe alipofariki. Lakini kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, na nilipomuuliza waziwazi kwa nini ananifuata, alinijibu, "Nani anakufuata? Nami natembea tu." Mtu asiye na lake jambo hajibu hivyo.

Katika Chumba cha Pili, kati ya mlango na mpira wa zimamoto, kuna picha namba 212. Wengi wenu mnaiita Mshonaji. Mwanamke ameketi kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedeli, mkasi umelala mezani, na uso ameugeuza kama mtu aliyeitwa kutoka nje. Mchoraji hajulikani. Tuliachiwa na familia ya fundi cherehani mmoja. Si kubwa, haimshindi mtoto kuibeba, lakini wageni husimama hapo kuliko kwingine kote, na mkata tiketi wetu anasema kila mwezi hakosi mtu wa kuapa kwamba yule ni shangazi yake.

Picha hiyo sikuruhusiwa kuishusha. Nyingine zote, hata zile za thamani zaidi, ngazi ni yangu na nyundo ni yangu. Nikiikaribia 212, sauti inatoka nyuma yangu: "Hiyo niachie mimi, Fundi." Kuta zilipopakwa rangi miaka saba iliyopita, picha zote zilishuka isipokuwa hiyo. Fundi rangi alilazimika kuizunguka kwa brashi nyembamba huku anasonya. Nilimuuliza Bi Penseli sababu. Akasema msumari wake ni mbaya, ukiguswa ovyo ukuta utabomoka. Nikaandika kwenye daftari: "Msumari mbaya? Ukuta huu ni wa matofali."

Mchana mmoja, wenzetu wote wako kwenye chakula, nilirudi kuchukua kofia yangu nikamfuma. Ameegemeza shavu ukutani, mkono wa kushoto umeivuta 212 kama mtu anayefungua pazia, na mkono wa kulia umezama nyuma yake. Aliposhtuka akautoa. Kulikuwa na penseli. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anatafuta utando wa buibui. Jamani, buibui gani anayetafutwa kwa penseli? Mwaka uliofuata, mwezi uleule, nikamvizia, nikamwona tena. Na mwaka uliofuata pia.

Nilimweleza mke wangu. Akanicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe baba," akasema, "huyo mama angekuwa mwizi, si angalau angebadilisha mkoba? Mwaka wa kumi huu anabeba uleule." Nikamwambia huo ndio ujanja wenyewe.

Halafu miaka mitatu iliyopita, nikipanga kabati la ofisini, nikakuta kijitabu cha wageni kilichochapwa kabla sijaajiriwa. Ukurasa wa sita ilikuwepo 212. Nikachukua lenzi ya kukuzia. Kwenye kijitabu, kona ya chini kushoto ya fremu ina jani la kuchonga lenye ncha tatu. Nikaenda ukutani. Ncha mbili. Kwenye kijitabu mkasi una mng'ao mdogo mweupe kwenye ncha yake. Ukutani hapana mng'ao. Nikarudi kwenye kijitabu, nikarudi ukutani, mara nne. Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi. Niliyokuwa naitazama ilikuwa nakala. Ile halisi imeuzwa au iko kwa mtu, na aliyefanya hivyo ni yule anayetuhesabia kalamu mlangoni.

Mtaniuliza kwa nini sikusema hapo hapo. Niliogopa. Yeye ndiye mwenye funguo, ndiye mwenye rejista, ndiye anayeheshimiwa na kila mtu. Na mimi nilikuwa na lenzi na kijitabu. Nikaamua kungoja ushahidi mkubwa zaidi, nikangoja miaka mitatu.

Mwaka huu tukatangaziwa kwamba Bi Penseli anastaafu na kwamba atakayepokea stoo ni mimi. Hapo ndipo kijasho kilinitoka. Makabidhiano ya kwetu si ya kupeana mkono. Yeye anataja namba, mimi naenda kukigusa kitu, nasema "nimekiona", tunasaini wote wawili. Kitu kwa kitu, elfu tatu mia mbili na sita, wiki tano. Nikishasaini, kila kilichopotea na kila cha bandia kiko shingoni kwangu. Yeye anakwenda kupumzika kwake na mimi nabaki na nakala ya Mshonaji na sahihi yangu chini yake. Na niliona kwamba 212 aliiruka. Akaiweka mwisho kabisa. Hilo nalo nililiandika.

Jumatatu ya wiki ya tano nikaandika barua kwa mkurugenzi. Sikuzungusha maneno. Nilisema kwamba picha namba 212 si halisi na kwamba mtunza stoo anajua. Nikaambatanisha kijitabu.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akavua miwani. Akaniuliza kama nimewahi kuiona nyuma yake. Nikasema sijaruhusiwa. Akaniambia maneno ambayo sitayasahau: nikisisitiza, atafungua jalada leo hii. Jalada likifunguliwa, barua ya kustaafu inazuiwa, sherehe inafutwa, na mama wa watu anaondoka na jina la mwizi hata uchunguzi ukija kusema vingine. "Nakupa mpaka Alhamisi," akasema. "Ishusheni. Itazame. Halafu uje uniambie kama barua hii bado ni yako." Akaitia kwenye droo.

Jumatano asubuhi ilikuwa imebaki hiyo moja tu. Nikaleta ngazi Chumba cha Pili nikaisimamisha, nikangoja kisingizio. Nilikuwa nimejiandaa. Angesema msumari, ningesema matofali. Angesema buibui, ningesema hata mimi nina penseli.

Hakusema hayo. Alisema, "Ishushe wewe, Fundi. Wewe ndiye uliyeitundika."

Nikamjibu kwamba sijawahi kuigusa maishani mwangu. "Mara moja uliigusa," akasema, akaenda kukaa kwenye kiti cha mlinzi na kufunga mikono kifuani.

Nikaishusha. Nyuma yake ukuta ulikuwa na mraba wa rangi ya manjano ya zamani, na misumari miwili minene, imara, imepigwa sawasawa. Nikaigeuza picha. Kanvasi kwa nyuma ilikuwa kuukuu, kahawia, ina mhuri wa familia iliyotupa. Nakala haiwezi kuwa na mgongo wa namna ile. Chini kushoto palikuwa na kiraka cha kitambaa, kazi safi ya mkono ninaoujua. Na kwenye fremu palikuwa na karatasi ya mgongoni, imejaa mwandiko wa penseli juu mpaka chini. Nainukuu kama ilivyo, kwa ruhusa yake.

"Ijumaa, saa kumi na nusu. Imeanguka. Chumba hakikuwa na mtu. Msumari mmoja badala ya miwili, tena mwembamba. Fremu imevunjika kona ya chini kushoto, ncha moja ya jani imepotea. Kanvasi imechanika vidole vitatu, kwenye mkasi. Aliyetundika: fundi mpya. Aliyekarabati: mimi, siku kumi na moja. Mng'ao wa mkasi umeniponyoka, sitaubuni. Fundi hajaambiwa. Nitamfuata nyuma."

Tarehe ilikuwa ya wiki yangu ya pili kazini.

Nikakumbuka. Chumba cha Pili kilivuja upande mmoja, tukahamisha picha mbili tatu kwa haraka, ilikuwa Ijumaa, na mimi nilitaka kuwahi nyumbani. Nilipiga msumari mmoja nikajisemea wa pili nitaupiga Jumatatu. Jumatatu picha haikuwepo, nikaambiwa imekwenda kusafishwa, na mimi nikashukuru kwamba kazi imepungua. Iliporudi sikuuliza nani kaitundika. Wala sikuitazama vizuri mpaka nilipoanza kuishuku.

Chini ya maneno hayo kulikuwa na mistari kumi na tisa, mmoja kila mwaka, mwezi uleule niliokuwa namfuma. Wa kwanza ulisema: "Bado ana haraka. Nimekuta sita zimelegea, nimekaza." Wa pili: "Nne. Msumari wa kulia anaukazia macho, wa kushoto anausahau." Wa tatu: "Mbili. Nimekaza." Wa nne: "Mbili." Wa tano: "Moja." Wa sita: "Hakuna." Wa saba: "Hakuna." Na kuendelea hivyo, "Hakuna", "Hakuna", mpaka nikafika wa mwisho, ulioandikwa mwaka huu: "Hakuna. Mwaka wa kumi na nne mfululizo. Nimemwambia mkurugenzi apewe funguo."

Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kwenye ngazi. Uso sikujua niuweke wapi. Ile barua iko kwenye droo ghorofa ya pili, yenye sahihi yangu, yenye neno "si halisi", na aliyenipendekeza ameketi hatua sita kutoka nilipo anasafisha miwani kwa ncha ya kanga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na naisema hapa kwa sababu mkurugenzi hakunilazimisha.

Kuna jambo vijana wa siku hizi hamlijui. Mkurugenzi wa zamani, tuliyekuwa tunamwita Mwenye Nyumba, alikuwa na amri moja. Aliye kwenye majaribio akiharibu kitu, anaondoka siku hiyohiyo. Na anayejua akanyamaza, anaondoka naye. Bi Penseli alijua. Kwa hiyo kazi yake, stoo yake na kila tunachomshukuru leo alivitundika kwenye msumari uleule mwembamba niliopiga mimi. Alikosea pia, kwa sheria za kwetu. Kuficha hakuficha kabisa, maana aliandika palepale panapotakiwa kuandikwa. Sema hakumruhusu mtu kupasoma.

Nilimuuliza kwa nini. Msitegemee maneno matamu. "Ningesema, wangekufukuza," akajibu. "Wangeleta mwingine, naye angeniangushia nyingine. Nikaona heri huyu, maana nimeshajua anakosea wapi."

Nikamuuliza basi hiyo miaka kumi na minne ya "Hakuna", kwa nini aliendelea kunifuata. Akasema alikuwa anaogopa kwamba siku atakayoacha ndiyo siku ambayo picha nyingine itaanguka.

Nikatoa daftari langu mfukoni nikampa. Nilitaka alione, yaishe. Akalipokea, na kabla hajalifungua akaligeuza kutazama mgongo. Nami nikatazama. Kwenye jalada la nyuma, kwa penseli hafifu, palikuwa na mstari ambao sikuwahi kuuona: "Limekutwa juu ya kabati la nne. Limerudishwa mahali pake. Halijasomwa." Tarehe yake ilikuwa ya miaka minane nyuma. Halijasomwa! Nilimtazama usoni. Alikuwa anatazama dirishani.

Alhamisi nilikwenda kwa mkurugenzi nikaomba barua yangu, nikampa nyingine inayoeleza nani aliangusha picha namba 212. Bi Penseli alikuwa ametangulia na yake. Mkurugenzi akazisoma zote mbili, akacheka, kisha akakumbuka cheo chake. Mimi nimepewa barua ya onyo, ya wiki iliyopita, kwa kosa la miaka kumi na tisa iliyopita. Bi Penseli naye amepewa barua ya onyo, na itakaa bahasha moja na cheti chake cha shukrani. Mshereheshaji tafadhali asizichanganye. Kadi ya Mshonaji imeandikwa upya, na sasa inataja mpasuko na ukarabati, ili wageni waelewe kwa nini mkasi hauna mng'ao.

Ilibaki kuirudisha ukutani. Nilifanya hivyo jana mchana. Mraba wa manjano tumeuacha bila kuupaka rangi, kwa makubaliano. Misumari miwili ya zamani niliing'oa nikapiga mipya miwili, nikapima, nikaining'inia kwa mikono yote miwili mpaka mkata tiketi akaniuliza kama najinyonga. Nikaitundika picha, nikajaza karatasi ya mgongoni: tarehe, sababu, aliyeshusha, aliyetundika. Pakabaki mstari wa aliyekagua.

Nikasubiri. Nilijua atakavyofanya, nimemtazama miaka kumi na tisa: kidole kwenye kona ya chini, msukumo mdogo, sikio. Bi Penseli akaja, akachomoa penseli kilembani, akaivuta fremu kidogo kiasi cha mkono kupita, akaweka sahihi. Hakuchungulia. Hakusukuma. Mtu ambaye hajawahi kusaini hata risiti ya sabuni bila kuipeleka kwenye mwanga aliweka jina lake chini ya msumari ambao hajauona, akarudisha penseli mahali pake, akaniuliza kama chai ipo.

Nikasema chai ipo, Mama.

Bi Penseli, wewe uliyeanza na ufagio na leo unaondoka ukiwa umetuachia vitu elfu tatu mia mbili na sita, kila kimoja na mgongo wake, pokea asante zetu. Asante kwa kigoda na vinyago tisa. Asante kwa wino ambao haukudondoka. Asante kwa picha ambazo hazikuanguka, na kwa ile moja iliyoanguka. Nenda ukapumzike na watoto na wajukuu, ulale saa unazotaka, ukae kwenye nyumba ambamo hakuna kitu chenye namba. Tunakuombea afya, miguu myepesi na siku ndefu zenye raha, na mlango wa makumbusho kwako hauna tiketi.

Nami Jumatatu nitafungua stoo kwa funguo zako. Nitatundika, nitahamia chumba kingine, na baada ya robo saa nitarudi mwenyewe kusukuma kona ya chini, kwa sababu hakuna tena atakayekuja nyuma yangu.

Jambo moja tu limebaki kwenye daftari. Jana, ulipokwisha kusaini, mimi nilikwenda kurudisha ngazi stoo. Nilichukua kama dakika tano. Niliporudi, Mshonaji alikuwa amelala upande wa kushoto kidogo, kiasi cha unene wa kidole. Ulichungulia, Mama. Siwezi kuthibitisha, lakini najua ulichungulia, na sijawahi kufurahi hivyo tangu nianze kazi hapa.